Nusu ya Mshahara Nimeificha Uzeeni

Jumatatu, 3 Machi

Barua kutoka Ofisi ya Matunzo. Wanapiga upya hesabu ya fedha ninazompa binti yangu kila mwezi. Kanuni wameiambatanisha: chukua mshahara, toa mchango wa pensheni, kinachobaki gawa kwa sita, fungu moja ni la mtoto. Kwa sasa ni elfu tisini. Elfu tisini!

Sina ugomvi na mtoto. Ugomvi wangu ni na mama yake, aliyeondoka miaka mitatu iliyopita na mtoto, kabati la vioo na redio yangu. Leo kapiga simu. Mtoto haoni ubao, anataka miwani, niongeze chochote. Nikamwambia macho ya ukoo wetu hayana kasoro. Mimi ni mchanganya rangi kiwandani mwaka wa kumi na tisa huu, natofautisha aina ishirini za kijivu kwa jicho tupu. Akasema ni kweli, rangi ndiyo kitu pekee ninachokiona. Akakata simu kabla sijamkatia mimi.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata dawa yao! Dereva wetu wa gari la kupakia madebe, tunamwita Profesa kwa sababu hakuna asichokijua, kaninong'oneza kwamba pensheni hutolewa kwanza, ndipo mtoto ahesabiwe. Ukichanga zaidi, fungu la mtoto linasinyaa. Na fedha bado ni yako! Inakusubiri ukifika miaka sitini. Nina arobaini na nne. Nasubiri hata nimesimama.

Saa nne nilikuwa mbele ya karani wa mishahara. Mchango wangu wa asilimia kumi nikaupandisha mpaka hamsini. Mama wa watu akaniuliza mara mbili kama nilikusudia kumi na tano. Nikamwambia macho yangu hayana kasoro. Akasema mabadiliko hupokelewa wiki hii tu, baada ya hapo mpaka Machi ijayo. Vizuri zaidi. Akasema basi nipitie na ukurasa wa pili. Sikuwa na muda wa kurasa. Nikatia sahihi, ile yenye mkia mrefu.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya binti kuja kwangu. Ana miaka kumi na kichwa chepesi ajabu kwa hesabu, ingawa daftari analinusa badala ya kulisoma. Nikaona nimpime. Nikamtungia swali: mtu mmoja ana mshahara wa laki sita. Anachanga asilimia kumi ya pensheni. Mtoto wake anapata sehemu ya sita ya kinachobaki. Je, akichanga hamsini?

Hakugusa hata kalamu. Mtoto alikuwa anapata elfu tisini, sasa atapata hamsini. Nikapiga makofi. Kumbe hajamaliza. Akasema baba yake alikuwa anabaki na laki nne na nusu, sasa atabaki na laki mbili na nusu. Yaani kajinyima laki mbili ili mtoto akose elfu arobaini. Akauliza mtoto huyo alimkosea nini baba yake.

Nikamwambia swali halikuuliza hayo. Akainamia daftari, akaendelea na lake. Nilijisikia vibaya, nakiri. Kama robo saa hivi. Kisha nikakumbuka redio.

Ijumaa, 28 Machi

Mshahara! Laki tatu zimeingia benki, laki tatu zimeenda kujificha uzeeni. Nimeziwazia siku nzima zikiwa kule, salama, hazina mama wala mtoto. Mwenye nyumba alipodai kodi nikamlipa kifua mbele. Nikalipa umeme. Nikalipa deni la duka. Jioni nikagundua kifua kiko mbele peke yake, nyuma hakuna kitu ila fungu la mtoto na posho ya unga. Si neno. Kuanzia Jumatatu naenda kazini kwa miguu, ni afya. Profesa naye anakwenda kwa pikipiki. Nilimuuliza yeye anachanga asilimia ngapi. Kumi, akasema, ana watoto wa kulisha.

Jumatano, 2 Aprili

Ofisi ya Matunzo. Nilivaa koti. Mama yake binti alikuwa kakaa kwenye benchi kwa utulivu wa kuudhi, kashika cheti cha daktari wa macho. Nikampita kama nguzo.

Afisa ni kijana mpole. Aliitazama hati yangu ya mshahara, akaitazama tena, akaniuliza kama ninaumwa. Nikamweleza kwamba mzee wa kesho hutengenezwa leo. Akasema ni kweli, ila mchango uliopanda ghafla mara tano ndani ya wiki ile ile ya barua yao, wao wana kawaida ya kuurudisha kwenye mshahara, kisha wanahesabu kama zamani. Asilimia kumi ndiyo anayoitambua. Fungu la mtoto: elfu tisini. Nilipe palepale, dirishani.

Nikasema basi na mimi nirudishiwe laki zangu. Akasema hizo ziko kwenye mfuko wa pensheni, nitazipata nikiwa na miaka sitini, hongera. Hongera! Nikalipa. Nikatia sahihi, ile yenye mkia mrefu. Mkia ukatoka mfupi, kalamu yao ni mbovu.

Hesabu ya mwezi: mimi laki mbili na elfu kumi, kabla ya kodi ya nyumba. Mtoto elfu tisini zake zile zile. Lakini laki tatu hakuna aliyezigusa. Huo ni ushindi, asije mtu akanidanganya.

Alhamisi, 3 Aprili

Nilimfuata karani anirudishe asilimia kumi. Machi ijayo, akasema. Nikamwomba basi nizione tu fedha zangu, walau kwenye karatasi. Akafungua faili. Ukurasa wa pili: mnufaika endapo mwanachama atafariki. Jina la mama yake binti. Asilimia mia moja! Kwa mwandiko wangu mwenyewe wa miaka kumi na moja iliyopita, na pembeni nimechora ua. Karani akalisifu ua.

Kubadilisha? Machi ijayo.

Haya. Basi sifi. Nimeamua. Miezi kumi na moja sifi hata mtu afanye nini. Leo nimekataa kupanda ngazi ya pipa kubwa, na barabara nimevuka baada ya kungoja hata baiskeli ziishe. Msimamizi kaniuliza nina nini. Nikamwambia kuna mtu simpi raha hiyo.

Jumamosi, 5 Aprili

Binti kaja na miwani. Fremu ya buluu, na buluu nzuri, siwezi kusema uongo kwenye kazi yangu. Alisimama mlangoni akaniangalia usoni muda mrefu. Akasema hakujua kama nina mvi. Nilitaka kumwambia mengi. Nikamwambia ni rangi ya kazini.

Kisha akatazama ukutani, kule mwisho wa chumba, nilikobandika karatasi yangu ya mipango. Mwezi mzima huu karatasi zangu zimekaa palepale, hajawahi kuzisoma. Leo akasoma kwa sauti, kutoka mlangoni, bila kukosea herufi: Mpango wa Pili. Kumwomba meneja anilipe nusu ya mshahara kwa makopo ya rangi, maana rangi si fedha na Ofisi ya Matunzo haiwezi kuigawa kwa sita.

Akafikiri kidogo. Akasema rangi ni ya majimaji, inagawanyika kwa chochote. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa tena, akaniuliza kama kuna mpango mwingine.

Upo! Lakini miwani ile nimeilipia mimi, kwa zile elfu tisini, na sasa inanichungulia. Karatasi nimeibandua. Mpango wa Tatu nauandika humu, kwa herufi ndogo sana.