Kisichomo Kwenye Kiolezo

Ilitangazwa kwa kipaza sauti na kwa mabango ya maandishi ya dhahabu kwamba taifa limepiga hatua. Kuanzia Jumatatu, hakuna jengo la serikali litakalochorwa nje ya Kiolezo Kikuu: faili moja la kompyuta lenye michoro sanifu yote ya ujenzi, kuanzia msingi hadi bati la mwisho. Mchoraji angelifungua, achague mlango, achague dirisha, abandike kwenye ramani yake, aende zake nyumbani. Kisichomo kwenye Kiolezo, tangazo lilimalizia, hakipo duniani.

Sentensi hiyo ya mwisho aliitunga Mkurugenzi wa Michoro Sanifu mwenyewe, na aliipenda kama kifungua mimba wake. Alikuwa na sababu. Waziri angekuja kuzindua makao makuu mapya ya idara, jengo la ghorofa, na hapohapo uwanjani angemkabidhi barua ya uteuzi wa ukatibu mkuu. Suti ilishashonwa. Mke alishaanza kuitwa mama katibu na majirani, naye hakuwakataza.

Kazi ya kuipanga michoro ilileta mvutano kidogo. Mhandisi mmoja mzee, ambaye ofisi nzima ilimwita Babu Futi, alishauri ipangwe kwa sehemu za jengo: misingi pamoja, kuta pamoja, ngazi pamoja, paa pamoja.

"Yaani msingi utangulie paa?" Mkurugenzi aliuliza.

"Ndivyo tunavyojenga, mkuu."

"Na heshima ya ofisi iko wapi?"

Michoro ikapangwa kwa vyeo. Kila mchoro uliwekwa kwenye folda ya ofisa aliyeuidhinisha, wakubwa juu, wadogo chini. Kwa mpango huo choo kilitangulia msingi, kwa kuwa choo kiliidhinishwa na Mkurugenzi. Babu Futi akaangua kicheko mbele za watu. Akastaafishwa kwa manufaa ya umma, na folda yake ikafutwa, maana mstaafu hana cheo. Ndani yake mlikuwa na mchoro mmoja tu, wa ngazi za zege. Hakuna aliyeulilia.

Wa kwanza kulalamika alikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya ghorofa. Alipanga foleni kwenye dirisha la Bi Mihuri, katibu muhtasi, kwa sababu utaratibu ulisema ombi la nyongeza huletwa na mwombaji mwenyewe, kwa miguu yake, dirishani. Mkurugenzi alikuwa akipita, akamsikiliza kwa huruma ya kiofisi.

"Mheshimiwa, madarasa ya juu yamekamilika. Watoto wapandeje?"

"Uliomba ghorofa, ukapewa ghorofa. Ngazi uliomba?"

"Nilidhani vinakuja pamoja."

"Hapa hatufanyi kazi kwa kudhani, mwalimu. Kamati itakaa."

"Na watoto?"

"Waanze na chini kwanza. Mwanzo wa ngoma ni lele."

Mwalimu alikasirika mpaka masikio yakamwaka, lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akashukuru.

Makao makuu yalijengwa na shemeji wa Mkurugenzi, kwa kuwa ndiye mkandarasi aliyepatikana karibu. Asubuhi ya uzinduzi Mkurugenzi alikagua jengo zima asione ngazi hata moja. Alifurahi mno. Jengo lilikuwa tiifu.

"Shemeji, hukuongeza chochote?"

"Hata msumari. Ningethubutu?"

Akapanda kwa ngazi ya mbao ya mafundi hadi roshani ya ofisi yake, ili Waziri akifika amkute ameshasimama juu. Huku chini shemeji akasoma tena waraka wenye sahihi ya Mkurugenzi: siku ya makabidhiano, kisichomo kwenye Kiolezo kiondolewe eneo la ujenzi. Ngazi ya mbao haikuwemo. Akaipakia kwenye lori akaondoka nayo.

Waziri akafika. Mkurugenzi akapunga mkono kutoka juu, Waziri akapunga kutoka chini, watu wakapiga makofi.

"Barua ninayo," Waziri alisema kwenye kipaza sauti. "Mteule ashuke aipokee."

Mkurugenzi akatazama kulia, akatazama kushoto. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, aliogopa.

"Bi Mihuri! Ngazi!" alimwita katibu wake, aliyekuwa ameshahamia dirisha jipya chini ya roshani.

"Ya mbao au ya zege, Mheshimiwa?"

"Yoyote!"

"Zote hazimo kwenye Kiolezo. Lakini unaweza kuleta ombi la nyongeza. Mimi niko hapa dirishani hadi saa kumi."

"Nitalileta vipi? Utaratibu huo nimeutunga mimi!"

"Ndiyo maana tunauheshimu."

Waziri akatazama saa yake. Alisema cheo kikubwa namna hiyo hakiwezi kusubiri kamati, akamkabidhi barua naibu mkurugenzi, ambaye sifa yake kuu ilikuwa kusimama karibu. Makofi yakarudi upya. Magari yakaondoka, viti vikakusanywa, turubai likakunjwa.

Akabaki mwalimu mkuu peke yake kwenye foleni, amekuja kufuatilia ngazi zake. Mkurugenzi akainama juu ya roshani, tai ikining'inia.

"Mwalimu! Ndugu yangu! Nisaidie basi. Nianzie wapi?"

Mwalimu alilifikiria swali hilo kwa dhati, kama alivyozoea kufanya darasani.

"Uanze na chini kwanza, Mheshimiwa," akajibu kwa upole, kisha akasogea dirishani, maana zamu yake ilikuwa imefika.