Kamati Teule ya Pazia la Mkurugenzi

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Kanda ya Mashariki, kuanzia Jinja hadi Mbale, kwamba Mkurugenzi wa Usimamizi wa Maonyesho ya Picha, Mheshimiwa Geresom, ameamua kuwa na sinema nyumbani kwake Nkoma, mjini Mbale, na kwamba taifa litafaidika. Namna litakavyofaidika itaelezwa katika ripoti. Kwa sasa imeundwa Kamati Teule ya Pazia, yenye wajumbe tisa, maana kuchagua kitambaa cha kurushia picha si kazi ya kumwachia mtu mmoja mwenye akili zake.

Mjumbe wa tisa alikuwa Ukasha wa Bugembe, na hakuomba.

Ukasha alikuwa na kibanda cha video kando ya barabara kuu ya Iganga: mabenchi kumi na mawili na shuka jeupe lililopigiliwa misumari. Filamu za kigeni alizitafsiri mwenyewe papo hapo, kwa Kiswahili kilichochovywa katika Kisoga, na watu walikuja kumsikia yeye kuliko kumtazama mzungu wa kwenye picha. Miezi mitatu nyuma mkaguzi aitwaye Nabifo alikifunga kibanda hicho kwa kukosa kibali kipya. Nabifo hakuwa na ubaya na mtu. Alizisoma kanuni kama zilivyoandikwa, na kwa sababu hiyo ofisi nzima ilimwogopa. Kibali chenyewe kilikuwa Jinja, mezani kwa Mkurugenzi, kimekamilika kila kitu isipokuwa sahihi.

Tangu siku hiyo Ukasha akawa anatafsiri sufuria. Mkewe Ramlah akikaanga samaki, mume anasimama mlangoni: "Tazama sasa! Jambazi anageuka! Mafuta yanamfuata mpaka shingoni!" Wiki ya kwanza Ramlah alicheka. Wiki ya tisa aliweka mwiko chini.

"Baba Tamim, nenda kwa huyo mkubwa. Mdomo unakuwasha wewe, masikio yananiuma mimi."

Alikwenda. Mkurugenzi alimpokea vizuri mno.

"Kibali chako nitakitia sahihi siku pazia langu litakapozinduliwa," alisema. "Wewe ni mtaalamu. Kamati inakuhitaji."

Katika kikao cha kwanza mtaalamu aliombwa maoni.

"Afande," alisema Ukasha, maana Mkurugenzi alikuwa ofisa wa magereza zamani na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko Mheshimiwa, "ukuta ya sebule yako iko mweupe. Paka rangi isiyong'aa, basi. Picha itakaa sawa."

Katibu, Bwana Isiko, aliweka kalamu chini taratibu.

"Ukuta," alisema, "hauna katalogi."

Ukuta ukafutwa kwenye kumbukumbu, na kamati ikaenda ziara ya mafunzo ya siku nne katika hoteli za Jinja, ikipapasa vitambaa. Ilibainika kwamba kuna pazia jeupe na la kijivu, la kuwambwa kwenye fremu na la kukunjwa kwa mota, na lingine lenye vitundu vidogo vidogo vya kupitisha sauti. La kijivu lilikataliwa kwa kuonyesha mashaka. La mota lilikataliwa kwa sababu lingeweza kupanda bila amri. Vitundu vilipita bila kupingwa, kwa kuwa ofisi imehimizwa mara nyingi kuwa na uwazi.

Ukaja ukubwa.

"Hiyo inategemea kiti iko mbali kiasi gani," alieleza Ukasha.

"Inategemea cheo," alisema Isiko. "Naibu Mkurugenzi ana inchi mia moja nyumbani kwake. Je, tumvue nguo mkubwa wetu?"

Zikapitishwa inchi mia na themanini. Upande pekee wa sebule ulioweza kubeba inchi hizo ulikuwa ule wa dirisha kubwa linalotazama barabara, kwa hiyo fremu ilisimamishwa dirishani.

"Basi tuweke kitambaa nyeusi nyuma yake," alisema Ukasha, "mwanga isitoke nje."

"Nyeusi ni ya msiba," alisema Isiko. "Mkurugenzi bado yu hai."

Jambo hilo liliandikwa, na wajumbe wote wakaliunga mkono. Ukasha alitaka kubisha, akaikumbuka sahihi, akameza mate.

Uzinduzi ulikuwa Jumamosi, giza lilipoanza kushika. Wageni walipangwa kama inavyostahili katika harusi, mazishi au ufunguzi wa kisima: mgeni wa heshima mbele peke yake kwenye sofa, na meza yake yenye maua na chupa ya maji, wengine nyuma kwa kufuata vyeo. Mgeni wa heshima alikuwa Geresom, aliyealikwa na Geresom. Kutoka sofani hadi kwenye pazia zilikuwa hatua mbili.

Filamu ikaanza. Mkurugenzi aliona tundu la pua, pana kama mlango wa gereji. Alilitazama kwa dakika kumi, kwa heshima. Kisha akasema, "Rudisheni kiti."

Sofa ilirudishwa hatua moja. Lakini hakuna awezaye kukaa sambamba na mgeni wa heshima, kwa hiyo mstari wa pili ulirudi, wa tatu ukarudi, na Nabifo, aliyekuwa wa mwisho kwa cheo, akajikuta kibarazani. Mkurugenzi sasa aliona matundu mawili. Alirudi tena. Baada ya kurudi mara sita kamati nzima ilikuwa uani, imeshika viti vyake, ikazunguka nyumba hadi mbele, na hapo ndipo ilipogundua kwamba ukisimama barabarani picha inaonekana dirishani yote, kubwa na safi. Kulia kulikuwa kushoto, ila hilo halikumkera mtu. Nkoma ilikuwa imeshajaa pale: wanafunzi, mama na mtoto mgongoni, waendesha boda waliozima pikipiki zao.

"Huyu mzungu anasema nini?" aliuliza mmoja wa boda. "Hapana mtu wa kutafsiri?"

Ukasha alitazama chini. Miezi mitatu! Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Anasema, wewe, ng'ombe yangu umepeleka wapi? Na huyu anajibu, bwana, ng'ombe gani, mimi nakula kabichi tu!"

Barabara ililipuka kwa kicheko. Ukasha alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga, wala hakuona haya.

Ndani, peke yake na matundu yake, Mkurugenzi alisikia watu wanacheka. Akasimama mbele ya mashine ya kurushia picha. Kivuli cha kichwa chake kikajaa dirisha zima.

"We kichwa, kaa chini!" ilipiga kelele barabara.

Alitoka mbio kumtafuta aliyemtukana, akakutana na Nabifo anahesabu watu kwa kidole.

"Sabini na mbili, afande. Kanuni ya nne: wakizidi ishirini, hiyo ni kibanda ya video. Kibali iko wapi?"

"Unajua nyumba hii ni ya nani?"

"Najua. Nimeandika hapa."

"Kanuni hizo nilizitunga mimi!"

"Ndiyo, sahihi yako iko chini. Nzuri sana."

"Basi lete karatasi, nijipe kibali!"

"Hakuna mtu anajipa mwenyewe, afande. Ya tano." Akaanza kukunjua utepe mwekundu wa kufungia majengo.

Isiko alimnong'oneza mkubwa wake kwamba kati ya wote waliokuwapo, mmoja tu alikuwa na maombi yaliyokamilika. Faili, lililosafiri kutoka Jinja kwa ajili ya uzinduzi, likaletwa kutoka garini. Kibali cha Ukasha kikatiwa sahihi juu ya mgongo wa Isiko, aliyeinama vizuri kwa mazoezi ya miaka mingi. Nabifo alikisoma mara mbili.

"Kibali inafuata mtu," alisema. "Leo msimamizi hapa ni Ukasha. Na chini ya msimamizi, kanuni ya sita, watazamaji wote wako sawa."

Ukasha alikikunja kibali, akakitia mfuko wa shati, akaubonyeza mfuko kwa kiganja. Halafu akageuka.

"Kaa chini, afande. Unaziba watu."

Mkurugenzi aliangaza kushoto na kulia akitafuta mtu wa kumkemea. Wote walikuwa wanatazama filamu. Akaketi majanini, kati ya mwendesha boda na mama wa mtoto. Baada ya muda alimvuta Ukasha suruali.

"Ukasha," alinong'ona. "Huyo mwenye koti, ametokea wapi?"

"Yuko tangu mwanzo, afande. Wewe ulikuwa umekaa puani mwake."