Bakora Iliyosimama Mlimani

Jumatatu, 12 Mei
Jana mgahawani mdomo umeniponza tena. Raki, pombe yetu kali, ilishanipanda kichwani. Nikamwambia Polidoros, baba wa kijana anayemuoa binti yangu: mkwe, siku ya harusi utashika bakora ya ambelitsia, nimechonga mwenyewe. Watu wote wakapiga makofi. Harusi Jumapili hii!
Tatizo: mti wa ambelitsia unaota kwenye milima yetu ya Krete tu, kuukata marufuku, na mimi siujui. Watalii nawauzia fimbo ya mti wowote, naipa jina hilo. Polidoros si mtalii. Ni mchunga mbuzi, baba yake alichonga za kweli. Nikimpa feki, binti yangu Rodanthi ataingia kwa watu kama mtoto wa tapeli.

Jumanne, 13 Mei
Njia imepatikana. Bibi Misitu, jina lake Argiro, anafundisha watu kutambua miti ya kwetu na kuitunza. Nimejiandikisha. Wenzangu wastaafu wenye kofia.
Majani yanayotazamana mawili mawili, huo sio. Yenye miiba, siyo. Jani moja huku, jingine kule, ukingo kama msumeno butu, gome likibanduka chini rangi ya chungwa: ndio wenyewe. Nimepita kando yake miaka hamsini, hatujawahi hata kusalimiana.

Jumatano, 14 Mei
Tumepanda mlimani. Nikauliza, kwa sura ya malaika, miti iliyonyooka iko wapi. Argiro akasema mzee Manusos, mbona unauliza kama mwenye duka la mbao.
Kila mtu kapewa mti wa kulea. Wangu kichaka cha kufika magotini, kimetafunwa na mbuzi mpaka kimekuwa kama mto wa kulalia. Nikauliza huyu mtoto ana miaka mitatu? Akasema huenda mia nne. Nikacheka peke yangu.
Akachukua kijiti cha kichaka hicho kilichokufa, unene wa kidole gumba, akakikata, akanipa kioo cha kukuzia. Pete ndani yake, kila moja mwaka mmoja, nyembamba kama nywele. Nikahesabu mpaka jicho likatoa machozi, nikapotea, nikaanza upya, nikapotea. Kijiti cha kidole gumba kimemzidi babu yangu umri!
Kurudi njia nzima nilikuwa nahesabu kwa sauti, mpaka mlangoni. Mke wangu akanipima homa.

Alhamisi, 15 Mei
Tumejenga uzio. Argiro anasema kichaka hakirefuki, kinatanuka. Kinatanuka miaka na miaka, mpaka siku mdomo wa mbuzi haufiki katikati. Hapo ndipo shina moja linapanda juu, linakuwa mti.
Mbuzi wakaja wanatafuna. Akauliza wa nani hawa. Nikasema watakuwa wa Polidoros. Jioni wakanifuata mpaka nyumbani, darasa zima linatazama.

Ijumaa, 16 Mei
Nimepanda peke yangu na msumeno. Juu ya korongo nimekiona: kichaka kipana kama uwanja wa kupuria ngano, na katikati shina moja, limenyooka, limenizidi urefu. Bakora yenyewe.
Nikatambaa ndani, nikachanika suruali. Nikaweka msumeno shinani. Nikatazama huku na huku mapana yake. Karne ngapi kinatafunwa ili huyu mmoja apone? Meno yote ya mbuzi wa ukoo wetu yameshindwa, halafu nije mimi.
Mkono ulikataa. Nimekaa humo ndani mpaka miguu ikafa ganzi. Nilivua kofia, sijui kwa nini.

Jumapili, 18 Mei
Harusi. Mikono mitupu. Polidoros akauliza iko wapi. Rodanthi akawa mweupe kuliko gauni. Nikamwambia mkwe, bakora yako ipo, bado imesimama. Nikamweleza yote, hata msumeno.
Polidoros akanibusu mashavu yote mawili. Akasema mjinga wewe, hiyo ndiyo yangu, na asiiguse mtu. Akamkalisha binti yangu karibu naye.

Jumatatu, 19 Mei
Habari imeenea. Padri naye anataka bakora iliyosimama. Na mwenye mgahawa. Na binamu wa Polidoros. Nimewakubalia wote, kwa malipo kidogo ya ulinzi. Shina ni lile lile, lakini si halikatwi? Nani atajua.
Sasa wanataka niwapeleke Jumamosi wakazione. Wote pamoja. Hakuna shida. Nitawazungusha, kila mmoja alione shina kwa upande wake, adhani ni lake peke yake.