Pikipiki ya Mfaume Inacheua

Jumatatu, 20 Oktoba 1975. Milola

Pikipiki imelala kwangu tena. Si barazani. Ndani, ukumbini! Jirani yangu Bi Kadija amepita mlangoni mara kadhaa akijidai anatafuta kuku. Nimemkaribisha aingie, atazame vizuri. Mwanangu Mfaume ndiye bwana shamba aliyekabidhiwa pikipiki ya Serikali. Mwanawe Bi Kadija, Huseni, ni bwana shamba vilevile, ila anakanyaga baiskeli. Mimi sikusema kitu. Nimesema tu kwamba baiskeli huzeesha magoti.

Mungu hapendi majivuno. Jioni Mfaume kaja na habari: Jumamosi anakuja mkaguzi kutoka Lindi. Pikipiki ikionekana haitunzwi, itahamia kwa Huseni.

Sitaki ihame. Si kwa ajili ya fahari. (Fahari ipo, sikatai.) Mfaume ana pumu tangu uchanga. Nimemlea nimemkalisha wima mapajani, nasikiliza kifua chake kinavyopiga filimbi. Leo apande vilima vya Rutamba kwa baiskeli? Nitaletewa maiti.

Nimekagua mwenyewe kabla ya mkaguzi. Nimechomoa kijiti cha kupimia oili. Loo! Kijiti chote kile, oili imelowesha ncha tu. Kumbe maskini inashinda njaa! Mfaume akiwa msikitini nimeimiminia kikombe kutoka kwenye galoni lake. Kikombe cha uji.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimeilisha asubuhi. Nimeilisha jioni. Kijiti sasa kimeloa hadi shingoni. Watoto wangu wote walikuwa wanene, uliza mtu yeyote.

Jumatano, 22 Oktoba

Balaa. Oili sakafuni.

Nimepiga magoti na kutazama. Tumboni mwa injini kuna kimpira chembamba. Mwisho wake unaning'inia hewani, haukuunganishwa na chochote. Oili inatoka hapo. Hao waliounda pikipiki ni wasomi, lakini wamesahau kuziba! Hakuna aliyewaangalia?

Bi Kadija naye kaja na kisingizio chake cha kuku. Akaiona. Akauliza, kwa sauti ya kumwonea mtu huruma, kama mgonjwa anaharisha. Nimemjibu ni mafuta ya nazi, nimemwaga mwenyewe. Kaondoka anatabasamu. Usingizi wangu kaondoka nao.

Dawa nimeipata wakati napepeta mchele. Gunzi la muhindi! Chupa zote za nyumba hii nimeziba kwa magunzi na haijavuja hata moja. Nimelichonga likawa jembamba, nikalivisha kitambaa lisiteleze, nikalisukuma ndani ya kimpira. Kitambaa nimekichana kwenye kanga yangu niipendayo, upande wa maneno. Mama ni kujitoa.

Kimya. Hakuna hata tone. Kama kisomo cha watu wazima kingenikuta mapema, ningekuwa injinia.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mfaume karudi anaisukuma. Suruali ya kaki mguu mmoja mweusi ti. Anasema njiani injini iliishiwa nguvu, kisha oili ikaanza kutoka huku na huku, kila pahala. (Isipokuwa pale nilipoziba. Hilo nimelikumbuka, lakini nimelinyamazia.)

Kakaa kizingitini. Kifua kinapiga filimbi. Kaisukuma kutoka kilima cha pili, na jua lile! Nimemweka wima kama zamani, nimemsugua mgongo. Habari ya gunzi sikumwambia. Hakuniuliza.

Ijumaa, 24 Oktoba

Baada ya sala kaja fundi Likwata, anayetengeneza mashine ya kusaga. Kachomoa kijiti, katazama, kacheka hadi kofia ikamdondoka. Akasema pikipiki hii imeshibishwa hadi inacheua. Akauliza ni nani aliyeilisha. Nikalaumu vijana wa siku hizi kwa jumla.

Kisha akamweleza Mfaume kwamba kimpira kile ndicho injini inachopumulia. Hakizibwi. Ukikiziba, pumzi inajaa tumboni na kusukuma oili itokee popote. Wakati anaeleza, vidole vyake vikagusa gunzi. Akalivuta. Likatoka kwa kishindo, na oili ikamrukia kwenye ndevu.

Mfaume akauliza nani kafanya hivi. Ulimi wangu ukateleza wenyewe, ukasema adui hakosekani, na wengine husingizia kuku.

Likwata kapunguza oili, karudisha sili, ule mpira wa kuzuia oili, iliyosukumwa nje, injini ikawaka vizuri. Lakini neno langu nalo lilishawaka. Alasiri lilikuwa kisimani. Magharibi lilikuwa kwa mwenyekiti wa kijiji, naye kasema litasikilizwa kesho mbele ya mkaguzi. Bi Kadija kanitumia ujumbe kwamba atafika, na atavaa vizuri.

Jumamosi, 25 Oktoba

Naandika, mkono mzito.

Nilitoka nimejitanda kanga yangu niipendayo. Iniletee baraka! Sikufikiri. Watu walijaa uwanja wa ofisi ya kijiji. Mkaguzi, mtu mpole mwenye miwani, akaizunguka pikipiki, akaridhika. Kisha mwenyekiti akaleta lile gunzi. Mkaguzi akakifungua kitambaa, akakikunjua polepole, akasoma: "Umleavyo."

Akauliza umleavyo nini.

Bi Kadija alikaa benchi la mbele kwenye kisomo. Mimi nilikaa la nyuma. Akasimama, akasema kwa adabu, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, Ndugu Mkaguzi." Hakunyoosha kidole. Aliitazama kanga yangu tu. Na uwanja mzima ukaitazama. Huku MTOTO, kule NDIVYO AKUAVYO, na katikati pengo, gauni langu linachungulia.

Nilidhani Mfaume atanipigia kelele. Afadhali angenipigia. Alinisogelea, akasema taratibu, "Mama, nilipokuwa nakosa pumzi, mimi uliniziba pua?"

Machozi yakanitoka mbele ya Serikali. Nikasema yote. Kikombe cha uji, gunzi, vilima, baiskeli. Nikasema nilimwogopea kifua chake, basi.

Mkaguzi akavua miwani akaifuta. Akamwita Huseni, akamuuliza kama yuko tayari kuichukua pikipiki. Huseni akainamisha kichwa, akasema yeye hata kuiendesha hajui, anaiogopa. "Mama ndiye anaitaka." Bi Kadija akaanza kutazama huku na huku, safari hii anatafuta kuku kwelikweli.

Hukumu: pikipiki ibaki kwa Mfaume. Ila ilale kwenye ofisi ya kijiji. Mimi nisiiguse. Na nimwombe jirani yangu radhi. Nimemwomba. Kanisamehe, mkono kanipa, kisha akauliza kama pengo la kanga linapitisha upepo mzuri.

Jumatatu, 27 Oktoba

Ukumbi mtupu. Mfaume mzima, kifua kimetulia. Kaniamkia shikamoo, kaniapisha tena: sitaigusa. Nimeapa. Aliyemlea ni mimi, lazima anisikie nikiapa vizuri.

Mchana kapumzika, nami nimepita ofisini. Kupita tu. Mwenye ufunguo ni karani, ananiita shangazi, kanifungulia nikae kivulini.

Nimechomoa kijiti. Kutazama si kugusa. Subhanallah! Oili imerudi kule kule nchani. Likwata kakwaruza alama na kusema hapo panatosha. Likwata mwenyewe ni mwembamba kama kijiti, hanenepi. Mtu kama huyo ndiye wa kupima shibe ya mwenzake?

Nimeongeza kikombe kimoja. Cha kahawa, si cha uji. Mimi si mbishi.

Ikicheua kidogo si neno, gunzi jipya limeshachongwa. Ila safari hii nimelivisha kitambaa cheupe, hakina maneno. Mtu hujifunza.