Gunia la Waziri wa Muyeye

Redio ya Kiponda, muuza kahawa, ina tabia moja isiyopendeza: haingoji watu wamalize kikombe cha kwanza. Alasiri ile, kahawa ikiwa bado yatoa moshi, ilitangaza kwamba bei ya unga wa mahindi imepanda tena, na huenda mwezi ujao ikapanda zaidi. Kiponda alilirudisha dele lake la kahawa juu ya makaa, akaipunguza sauti ya redio kama mtu aliyeletewa habari za msiba.

Benchi zima lilikunja uso pamoja naye. Kitsao peke yake ndiye aliyekuwa akitabasamu.

"Mtazameni huyu," alisema mzee Mramba. "Watu tunasomewa hukumu, yeye anachekelea kama aliyeitwa harusini."

"Habari hiyo hainihusu, mzee wangu. Wanaopimiwa kibaba kibaba dukani ndio walie. Mimi nina gunia."

"Tumeanza," alisema Gerishom, fundi wa vitanda, aliyeunda benchi lenyewe kwa mbao za mteja asiyejua hesabu ya mbao. "Kiponda, ongeza redio. Afadhali bei ya unga kuliko gunia la Waziri."

Gunia hilo lilikuwa limeimbwa kijiweni mwezi mzima. Kitsao husafisha mabwawa ya kuogelea ya nyumba za Wataliano kule ufuoni, na mwanzo wa mwezi, akiopoa majani majini, alimsikia mtaalamu wa uchumi akisema redioni kwamba maskini hufukarishwa na kununua vitu kwa kupimiwa. Nunueni kwa jumla, alisema mtaalamu, na pesa itabaki. Siku ya mshahara Kitsao hakumkabidhi mkewe Nyevu mfuko wa nyumba, yaani pesa ya matumizi, kama ilivyo ada. Alikwenda sokoni mwenyewe, akanunua gunia la unga, akalipakia kwenye pikipiki, na dereva akapiga honi tangu barabara kuu hadi mlangoni. Muyeye nzima ilitoka kutazama.

Jioni hiyo aliweka nadhiri papo hapo kijiweni, Mramba akiwa shahidi. Gunia likifika mshahara mwingine, mfuko wa nyumba utakuwa wake daima, na Nyevu ataomba hata pesa ya kiberiti. Lisipofika, ataurudisha mfuko mbele ya watu, na hatafungua tena kinywa juu ya mambo ya jikoni. Nyevu alipoambiwa alijibu neno moja tu, "Haya." Kijiwe kikampa Kitsao jina la Waziri. Sasa mwezi ulikuwa umekwisha, na mshahara mwingine ulikuwa kesho.

Moyoni Kitsao aliutaka ushindi huo kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Tangu aoe, kazi yake ilikuwa kuleta pesa na kuuliza zimekwenda wapi, na kila alipouliza Nyevu alimjibu vizuri mno, akabaki yeye ndiye mjinga. Alitaka walau mara moja awe yeye anayejua.

"Basi tuambie, Waziri," alisema Mramba. "Gunia limefika wapi?"

"Hapo ndipo mtakapostaajabu. Halipungui."

"Halipungui vipi?"

"Kila asubuhi nikienda kazini nalipiga kofi mgongoni, nalikuta limesimama vilevile pale pembeni. Akiba haiozi, mzee. Na tena unga ukikaa ndani ya gunia unakolea. Siku hizi sima ya kwangu imepata rangi, imepata na utamu."

Kiponda alisimamisha mkono, kikombe kikiwa nusu. "Unga unakolea? Kwani ni siki?"

"Wewe uza kahawa. Mambo ya jumla huyajui."

"Mimi nayajua ya rejareja," alisema Kiponda. "Na rejareja inasema watu sita wakila gunia, gunia hukonda. Hata ng'ombe akikamwa huonekana."

"Baraka hiyo, bwana."

"Baraka nyumbani kwa nani?" Mramba aliuliza. "Kwako wewe, unayehesabu vijiti vya kiberiti? Baraka ingepita mlango huo ikaogopa kukanyaga zulia."

Walicheka, na Kitsao akacheka nao, maana mtu mwenye gunia ana haki ya kucheka. Ila Mramba hakuwa amemaliza. Alikuwa taniboi, utingo wa malori, miaka mingi, na alikuwa na desturi ya kurudi nyuma kutazama mzigo.

"Tena nikwambie, Waziri, unga wako naujua ladha. Haukuwa na rangi yoyote. Ulikuwa mweupe pepe."

"Umeujulia wapi?"

"Nyumbani kwangu. Wiki ile ya gunia, mke wangu alimtumia mkeo mihogo miwili ya kuchemsha kwenye sahani. Sahani ikarudi na unga hadi ukingoni."

Kitsao aliweka kikombe chini. "Mihogo miwili?"

"Miwili. Mmoja ulikuwa na mizizi."

"Na mimi nilipata," alisema Kiponda, sauti imejaa shukrani. "Nilituma kashata tatu za jana. Nyevu ana mkono mwema, Mungu amzidishie."

"Mlinilia gunia langu?"

"Nani amekula?" Mramba aliuliza kwa upole. "Sisi tulirudishiwa vyombo vyetu. Wewe ni mtoto wa Rabai, usijifanye mgeni. Mama yako alikufundisha nini? Sahani ya jirani hairudi tupu. Wewe umepitisha gunia mchana kweupe kwa honi, ukatarajia sahani zilale kabatini? Mtaalamu wako wa redioni alisema nini juu ya sahani?"

Mtaalamu hakuwa amesema kitu juu ya sahani. Kitsao alimfikiria kwa chuki, amekaa huko kwenye jiji ambako jirani humjui hata jina, sembuse sahani yake. Sasa alielewa kwa nini miaka yote Nyevu alinunua unga wa siku moja, akaufunga kwenye leso, akaingia nao nyumbani kimya kimya. Kinachoingia bila kuonekana hakiombwi.

"Kwetu bara," alisema Gerishom, "sahani ikirudi imeoshwa, hiyo ni shukrani ya kutosha. Nilipofika hapa nikaambiwa ati kurudisha chombo kitupu ni matusi. Nikaona hii ni desturi nzuri sana. Nilipenda watu wa Pwani. Mke wangu Mwikali akatuma sahani ya muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, kwako, Waziri, na siku zile za gunia tukaona raha."

"Na wewe pia."

"Na mimi pia. Lakini usinitazame hivyo, maana sasa mimi ndiye nalia."

"Unalia nini, na unga wangu uko tumboni mwako?"

Gerishom aliangalia huku na huku kabla ya kusema, kama mtu anayeshitaki wakwe. "Sahani zimegeuka njia. Sasa zinatoka kwako. Kila siku ya Mungu mtoto wako Vivian yuko mlangoni, shikamoo, mama amesema mwonje. Unafunua kitambaa, ni ndimu. Ndimu mbili. Juzi ilikuwa moja na majani. Sasa Mwikali afanye nini? Amezoea mila, hawezi kurudisha tupu. Unga wangu wote umekwenda huko, ule wa kusagwa pamoja na wimbi ambao mama ananitumia kwa basi. Ukichemka, sima inakuwa na rangi fulani hivi..."

Akaishia hapo, kwa sababu uso wa Kitsao ulikuwa umebadilika.

"Rangi gani?" Kitsao aliuliza taratibu.

"Ya hudhurungi," alisema Gerishom. "Na utamu kidogo."

Kiponda alianza kufuta kikombe ambacho kilikuwa safi tangu asubuhi. Mramba ndiye aliyeshindwa kwanza: mabega yalianza kutikisika, kisha tumbo, kisha benchi zima, hata kahawa ya Gerishom ikamwagikia suruali.

"Unga umekolea," Mramba alisema, machozi yanamtoka. "Ewe Waziri. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini unachokula wewe ki nguoni mwa Gerishom."

"Na kwangu ndimu zimefika," alisema Kiponda. "Nilirudisha maharagwe."

"Jumatatu tulikula maharagwe," Kitsao alisema, akijiambia mwenyewe.

Ndimu alizijua. Mdimu ulikuwa nyuma ya nyumba yake, na mwezi uliopita alitaka kuukata kwa sababu haukuwa na faida. Alikaa akihesabu siku ambazo alilipiga gunia kofi na kutoka kifua mbele, na kila kofi likamrudia usoni. Alikuwa bado na njia moja. Kesho ni mshahara, gunia limesimama pembeni, na watoto wamekula kila siku. Nani angemwambia kwamba hakushinda?

Akiwa katika mawazo hayo, Nyevu mwenyewe akatokea kwenye pembe ya uchochoro, leso kiunoni, sahani mkononi imefunikwa kitambaa. Alipoliona benchi limejaa alisita kidogo, kisha akaja kwa adabu zake zote.

"Shikamoo, baba," alimwambia Mramba.

"Marahaba, mwanangu. Karibu kahawa."

"Starehe. Hamjambo, shemeji zangu."

"Hatujambo, shemeji," alisema Gerishom, jicho kwenye kitambaa. "Hiyo sahani, kama inaenda kwangu, Mwikali hayuko. Amesafiri. Hata mimi sipo."

Mramba alikohoa, akajinyoosha kama mtu mwenye kazi rasmi. "Nyevu, umefika wakati mzuri. Kesho ndiyo siku ya nadhiri, na mimi ndiye shahidi. Tuambie mbele ya mumeo. Gunia lipo au limekwisha?"

Nyevu alimtazama mumewe. Aliwatazama na wengine, akaona suruali ya Gerishom ilivyolowa kahawa na macho ya Mramba yalivyo mekundu kwa kicheko, akajua kwamba mtu wake amekuwa akichezewa.

"Lipo," alisema. "Kwani nani amesema limekwisha? Limefika nusu. Baba Vivian alinunua vizuri."

Alilisema bila hata kupepesa jicho. Benchi lote lilijua kwamba si kweli, na Kitsao alijua kwamba linajua, lakini shahidi alikuwa amejibiwa na mwenye jiko. Kwa neno hilo mfuko wa nyumba ulikuwa wake daima. Nyevu alikuwa anampa bure kile alichokitaka mwezi mzima, ili tu asichekwe na watu watatu wanywa kahawa. Kitsao alimpenda mkewe saa ile kuliko siku aliyomtolea mahari, na aliona haya kuliko siku yoyote.

"Mama Vivian," alisema. "Ndani ya gunia mna nini?"

"Unga."

"Mna nini, mama Vivian?"

Nyevu aliinamisha uso. "Makumbi ya nazi," alisema polepole. "Unga uliisha hata mwezi haujafika nusu. Nikaona ukiamka ulikute limesimama, uende kazini na moyo wako."

Safari hii hakucheka mtu. Kitsao aliinuka, akatoa simu mfukoni, ile ambayo mshahara wake ungeingia kesho, akamwekea Nyevu mkononi mbele ya shahidi kama alivyoapa.

"Gunia limekwisha," aliliambia benchi. "Lilikwisha zamani. Na mambo ya jikoni sina neno tena."

"Imesikika," alisema Mramba, naye alilisema kwa heshima. "Kutoa ni moyo, Waziri. Umetoa."

"Asiitwe Waziri tena," alisema Kiponda. "Waziri ni huyu hapa."

Nyevu aliifunga simu katika pindo la leso. Alionekana kama mwenye neno ambalo halijatoka. "Kesho mshahara ukiingia," alimwambia mumewe, "twende sokoni pamoja, tununue gunia jengine."

Kitsao alidhani amesikia vibaya. "Gunia? Baada ya haya yote?"

"Na dereva apige honi vilevile."

"Mama Vivian, gunia limetufilisi."

"Limetufilisi lini? Ulilala njaa? Ule unga haukupotea, uko kwa watu. Kama sahani zao nisingezijaza mwanzo wa mwezi, nani angenijazia zangu kwa ndimu mbili? Mkono mtupu haulambwi, baba Vivian. Mtaalamu wako alisema kweli, ila hakujua ni kweli gani."

Gerishom alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mungu wangu. Mwezi mwingine wa ndimu."

"Leo si kwako, shemeji, tulia," alisema Nyevu. "Leo napita kwa mama Kahonzi. Nimesikia binti yake amekuja kutoka Takaungu na nazi, na samaki, na mchele wa kutosha. Wali unanukia hadi kwa kinyozi."

Mama Kahonzi ni mke wa Mramba. Mzee aliyekuwa amecheka kuliko wote alikoma kucheka, akaanza kutafuta viatu vyake chini ya benchi kwa miguu. Kimoja kilipatikana. Gerishom alikuwa amekikalia cha pili, tena kwa makusudi.

"Nyevu, mwanangu," Mramba alisema, "wali wenyewe ni mchache. Na una moshi."

Nyevu alikwisha kugeuka kwenda zake. Kitsao alimfuata haraka, akamshika mkono, akakifunua kitambaa. Ndani ya sahani mlikuwa na ndimu tatu, zimepangwa vizuri na jani lake. Alizitazama, akautazama mlango wa Mramba uliokuwa wazi ng'ambo ya njia, akavuta pumzi ya tui la nazi.

"Mama Vivian," alisema, "sahani hii ni ndogo. Turudi nyumbani tukachukue sinia."