Daktari Aliyechoma Meno ya Baba

Jumatatu, 12 Mei

Mvua tangu asubuhi. Tenti na viti vyangu vya kukodisha vimelala stoo. Watu wa Kiamunyi wameamua kutooana wala kuzikana mpaka jua litoke.

Mama Wangare alirudi Naivasha jana, kwenye shamba la maua anakofanya kazi. Huja nyumbani Jumamosi. Aliacha amri moja mlangoni: jino la mtoto litazamwe na daktari kabla hajarudi. Nikamjibu kuwa hiyo ni kazi ndogo. Mdomo wangu huu!

Binti yetu Wangare yuko Gredi ya Pili. Amebeba jina la marehemu mamangu, kwa hiyo namwita Mami, na kumgombeza ni shida. Gego lake la chini lina tundu. Anatafuna upande mmoja tu. Leo nilitaja daktari wa meno, akaingia chini ya kitanda, akakumbatia mguu wa kitanda, hatoki. Nilimtoa kwa peremende ya kijiti. Akaenda kukaa mbele ya runinga, pua karibu iguse kioo, kama kawaida yake.

Sijui hofu hii ilitoka wapi.

Haya, najua. Shajara haina msomaji mwingine, acha niseme. Mwaka jana alikataa kulala. Nikamwonyesha meno yangu. Ni ya kahawia, kama ya mtu yeyote wa kwetu Gilgil aliyekunywa maji ya kisima cha huko tangu utotoni. Nikamwambia daktari wa meno aliyachoma kwa chuma cha moto kwa sababu nilikuwa mtoto asiyetaka kulala. Akalala papo hapo! Nikaitumia tena alipokataa kula sukuma wiki. Nikaitumia kwa kazi ya shule. Hata siku aliyoacha lango wazi kuku wakatoka, nilifungua tu mdomo nikamwonyesha.

Mwalimu Wasike amepiga simu. Anasema Mami ananakili vibaya kutoka ubaoni, penye nane anaandika tatu. Nilimweleza kuwa ni jino. Jino likiuma, hata hesabu huuma.

Jumanne, 13 Mei

Mpango wa kwanza. Nilimwambia tunaenda mjini kununua viatu vya shule. Alivaa gauni la kanisani. Njia nzima alitaka kujua kama vitakuwa vya kamba au vya mkanda.

Bahati ilikuwa upande wangu. Bango la kliniki ni kubwa kama mlango wa stoo, limechorwa jino linalocheka, na linaonekana tangu ng'ambo ya barabara. Nilikuwa nimejiandaa kumfunika macho kwa kofia yangu. Haikuhitajika. Alilitazama na hakuliona!

Ghorofani mlango ukafunguka, harufu ya dawa ikatoka. Akaelewa. Akapiga nduru kwamba nataka kumuuza. Kumuuza! Ngazi ikajaa watu. Soja wa jengo, mzee Hezekiah, aliniuliza kwa upole, boss, huyu mtoto ni wako kweli? Nikajibu kwa hasira kwamba huyu ni mamangu. Hilo halikunisaidia.

Mwanamke mmoja mwenye kikapu cha mboga alitaka polisi waitwe. Ilibidi nimpigie Mama Wangare huko kwenye maua yake athibitishe kuwa mimi ni mume wake. Alichelewa kidogo kujibu.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia kwenye ngazi. Tukala chipsi, yeye akila polepole, upande mmoja. Tukirudi aliniuliza kama viatu navyo vilikuwa uongo. Vile alivyovaa vimetoboka kweli, maji yanaingia. Nikamnunulia peremende nyingine.

Jumatano, 14 Mei

Mpango wa pili, wa kisayansi. Mtoto huogopa asichokijua. Kwa hiyo nikafungua kliniki sebuleni. Nilitoa stoo kile kiti cha bwana harusi chenye mito, nikakiinamisha kwa matofali. Koti la mvua nikalivaa nyuma mbele. Nikashika tochi. Nilipendeza.

Mgonjwa wa mfano alikuwa Quincy, mtoto wa jirani. Quincy huyu ananipa presha. Huenda kwa daktari wa meno akitabasamu na hurudi na stika ya nyota kifuani, na mamake huitangaza hiyo stika mtaa mzima utadhani mtoto amepata digrii. Nilisema leo nitamtumia Quincy kumshinda Quincy.

Mambo yalikwenda vizuri. Quincy alifungua mdomo. Mami akachungulia kutoka nyuma ya kochi. Akasogea. Akasogea tena, mpaka akagusa koti langu. Ningeachia hapo! Lakini nikakumbuka kuwa huko kliniki kuna mashine inayolia. Bora azoee sauti mapema. Nikawasha drili yangu ya kutobolea vyuma vya tenti.

Quincy alitoka kwa kupitia dirisha.

Mama Quincy alifika na mwiko mkononi, ugali ukiwa bado umeshikilia. Aliniuliza, Baba Wangare, umekosa kazi mpaka unatoboa watoto wa wenyewe? Alisema mwanawe ana miadi Ijumaa, na sasa hata mswaki hataki kuuona. Nikamweleza kuwa drili haikumgusa. Akasema hiyo haisaidii.

Kwa hiyo jana mtaa huu ulikuwa na mtoto mmoja anayeogopa daktari wa meno. Leo wako wawili. Kliniki nimeifunga.

Alhamisi, 15 Mei

Shavu limevimba. Uji hakunywa. Nilimuuliza kama jino linauma, akasema hapana, tena haraka sana, huku kiganja kimefunika shavu. Uongo mtupu, na najua kajifunza kwa nani.

Nilipokuwa nanawa uso alikuja na mswaki wangu na dawa ya meno. Akaniamuru nikae. Akaanza kunisugua meno. Alisugua kwa nguvu zake zote mpaka povu likafika kwenye shati. Kisha akasogeza uso karibu kabisa na wangu, akatazama, akaona rangi haijatoka. Akaniuliza kama niliumia sana daktari aliponichoma. Kama nililia. Kama mamangu, cucu wake, alinishika mkono.

Hapo ndipo ningesema ukweli. Nafasi ilikuwa wazi, goli halina kipa. Nikasema niliumia kidogo tu.

Nimeshinda stoo kati ya viti, roho imeniinama. Mtoto wangu ana maumivu, na anayachagua hayo kuliko kwenda kwa mtu wa kumponya. Kisa nini? Jioni moja nilitaka alale mapema ili nitazame mpira kwa amani. Timu yangu ilifungwa hata hivyo.

Ijumaa, 16 Mei

Nilikuwa na mpango wa tatu, ulihusu kanzu ya kwaya. Sikupata nafasi. Mama Quincy alibisha hodi asubuhi akimpeleka Quincy kwenye miadi, akamwona Mami na lile shavu, akanitazama namna ambayo sitaisahau. Kisha akachuchumaa. Akamwambia Mami wazi kwamba wanaenda kwa daktari wa meno, wala si kununua viatu. Kwamba daktari ataangalia kwanza. Kwamba kama kuna kitu kitauma, atasema kabla. Mami akanitazama mimi, akamtazama yeye, akaenda kuvaa viatu vyake vilivyotoboka.

Ndivyo tu! Hakuna gauni, hakuna drili. Nilifuata nyuma na Quincy, ambaye alikataa kutembea karibu na mimi.

Daktari anaitwa Kavita. Mdogo wa umbo, sauti ya chini. Dari yake imechorwa samaki. Hakushika chuma chochote. Alimpa Mami kioo kidogo ahesabu meno ya Quincy, kisha Quincy akahesabu ya Mami. Akampulizia upepo wa mashine kwenye ukucha. Akamwambia akitaka apumzike ainue mkono, naye ataacha hapo hapo. Akamruhusu ajaribu. Mami akainua mkono, daktari akaacha. Akainua tena, akaacha tena. Mami akatabasamu kwa lile shavu lake.

Kisha akauliza swali lake. Aliuliza kwa adabu, kama anavyomuuliza mwalimu. "Daktari, ni wewe ulichoma meno ya baba?"

Nikawatazama samaki.

Daktari aliniomba nifungue mdomo. Nani angekataa? Akaniuliza nililelewa wapi. Nikasema Gilgil. Maji ya kisima? Nikaitikia kwa kichwa. Akamgeukia Mami na kumweleza kwamba ardhi ya huku ina madini yanayoingia kwenye maji, na mtoto akiyanywa sana meno yakiwa bado yanakua, hutoka na rangi hiyo. Kwamba watu wengi wa huku wako hivyo. Kwamba hakuna daktari aliyemchoma baba.

Mami hakulia. Alinitazama tu, kama mtu anayemtafuta mtu mwingine katika uso wangu. Halafu akamgeukia daktari na kufungua mdomo wote.

Jino lilikuwa la kutolewa. Daktari alisema sindano ya ganzi itauma kama kuumwa na siafu, na ikauma hivyo hivyo, wala si zaidi. Mami aliinua mkono mara moja. Daktari akaacha, akangoja, akaendelea aliporuhusiwa. Mkono ule mwingine Mami aliunyoosha pembeni atafute wa kushika. Nilikuwa nimesimama pale pale. Alichagua wa Mama Quincy.

Hilo limeniuma kuliko drili.

Daktari aliniambia nipunguze peremende, na nimsaidie kupiga mswaki asubuhi na kabla ya kulala. Halafu akashusha sauti zaidi, akasema mtoto asitishwe kwa daktari, daktari yeyote yule. Nikaitikia kabla hajamaliza. Akasema pia kwamba mimi nina jino lililooza huko nyuma, nikae nitazamwe. Nikamwambia nimeacha tenti kwenye mvua. Mami alinisikia. Anajua tenti ziko stoo.

Jumamosi, 17 Mei

Mama Wangare amerudi. Mami alimsimulia kila kitu, akiwa na stika kifuani. Wakatoka nje pamoja, Mami akatupa jino juu ya mabati na kuomba jipya. Sikualikwa. Niliwasikia tu kutoka jikoni, na jino likigongagonga mabati.

Kisha Mami akaja na maswali. Je, polisi huchukua watoto wanaobakisha ugali? Hapana. Je, viroboto huingia kichwani kwa mtoto asiyechana nywele na kujenga nyumba? Hapana. Je, yule mbuzi wetu aliyetoweka alienda kweli kusoma Nyahururu? Hapa hata Mama Wangare aligeuka kusikiliza. Nikasema hapana. Mami akauliza, sasa ni lini wewe husema ukweli? Hakuwa na hasira. Alitaka kujua tu, ajipange.

Wamesema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi mamangu amerudi mara ya pili, akiwa Gredi ya Pili, kunimalizia masomo. Nikapiga magoti sebuleni, mbele ya mke wangu na kile kiti cha bwana harusi. Nikaapa kwamba sitamtisha tena kwa daktari wa meno. Mami akasema sawa. Aliisema kama mtu anayepokea hundi ya mteja asiyemjua.

Jumapili, 18 Mei

Tukitoka kanisani kulikuwa na dimbwi kubwa langoni. Mami akasimama. Akatazama dimbwi, akatazama viatu vyake. Vipya! Vya mkanda. Nilivinunua jana jioni bila kuambiwa. Akanyoosha mkono bila kunitazama, akashika kidole changu kimoja, tukavuka.

Kimoja tu. Lakini kilikuwa changu. Mama Wangare aliniuliza mbona macho yamelowa, nikamwambia ni vumbi. Ilikuwa inanyesha.

Jumatatu, 26 Mei

Shavu limepona. Mswaki asubuhi, mswaki kabla ya kulala, nasimamia mwenyewe. Mami sasa hunishika mkono mzima. Mama Quincy hata alinisalimia leo. Baba wa mfano!

Mwalimu Wasike amepiga simu tena. Mami bado ananakili vibaya. Amehamishiwa dawati la mbele na bado anakunja uso. Nilimweleza kuwa ufizi huchukua muda.

Jioni kulikuwa na mpira. Mami alikuwa mbele ya runinga, pua kwenye kioo. Mimi naona kisogo tu. Nilimwambia arudi nyuma. Nikarudia. Hasikii. Basi, kwa upole kabisa, nikamsimulia kuhusu daktari wa macho. Jinsi anavyowatafuta watoto wanaobanana na runinga. Jinsi anavyotoa macho kwa kijiko, akayaosha, na mara nyingine akayarudisha yakiangalia ndani.

Alikuja akanishika mkono, akaniuliza kama hii ni kama ile ya meno. Nikasema ile ilikuwa ya meno, hii ni ya macho. Akaachia mkono wangu, akaenda kukaa mwisho wa sebule, viganja vimefunika uso.

Papo hapo! Na daktari wa meno sikumtaja hata kidogo. Ahadi ni ahadi.

Baadaye alichungulia kati ya vidole, akaniuliza kutoka huko mbali, wale wanaokimbia ni watu au ni mbuzi. Nikamwambia aache visingizio, atazame mpira.