Lakiri ya Bwana Mung'aro

Tangazo lilibandikwa bandarini Kilindini asubuhi ya Jumatatu, mwaka wa 1996: kuanzia leo, mwali wowote utokao mbinguni hautaingia nchini kabla ya kukaguliwa na Kamati ya Vitu Visivyoonekana. Aliyetia sahihi ni mwenyekiti, Bwana Mung'aro. Alilisoma mara nne, akasikia raha hasa. Nchi nyingine zimelala tu, miale yajiingilia itakavyo!

Siku hiyo hiyo akatokea Mwikali, fundi wa chombo cha kupimia eksirei za nyota.

"Shikamoo, mzee. Chombo changu kimezuiliwa. Kesho chapanda na puto. Kikikosa, ni kungoja mwaka mzima."

"Marahaba. Chafanya nini?"

"Eksirei hutikisika, kila moja na upande wake. Chombo hiki huzunguka, kikapima kama nyingi zatikisika upande mmoja. Hapo ndipo tujue nyota ile ikoje."

Bwana Mung'aro alipendezwa. Miale yenye nidhamu! Akakitia lakiri kwa heshima zote, bonge la madini ya risasi, katikati ya dirisha la chombo.

"Mzee! Risasi yazuia eksirei!"

"Ndiyo kazi ya lakiri, mama, kuzuia. Tutaitoa kikishapima hapa mbele yangu."

Mwikali karibu alie. Akatoa chembe yake ya majaribio, itoayo eksirei kidogo, akaiweka mbele ya dirisha, akakizungusha chombo. Sufuri. Akazungusha tena. Sufuri.

"Masikini," akasema Bwana Mung'aro. "Kumbe hakina kitu."

Mwikali akaacha kuzungusha. "Kitupu kabisa, mzee?"

"Kitupu!"

"Basi niandikie."

Akamwandikia. Na kwa kuwa kanuni ya saba, aliyoitunga mwenyewe, yasema sanduku tupu halizuiliwi, Mwikali alishukuru, akabeba chake, akaenda zake. Hata Makupa, njia ya kutokea mjini, hakufika kabla ya kuibandua lakiri ile.

Sidi, karani, akakohoa. "Mzee, kuna ya nane. Afisa akitia lakiri sanduku tupu, ajieleze kwa mwenyekiti, nakala tatu."

"Mwenyekiti si ni mimi?"

"Ndiyo, mzee. Nikuletee karatasi?"

Mkuki kwa nguruwe! Bwana Mung'aro alijiandikia, akajipokelea, akajigongea muhuri. Maelezo hayakumridhisha hata kidogo. Akajisimamisha kazi.

Jumanne puto likapanda. Bwana Mung'aro alikuwa kwenye benchi nje ya ofisi yake, na barua ya rufaa mkononi, akimngojea mwenyekiti.